Kilomita sahihi, saa za uongo: programu ya kupima safari za ndege

Programu hii ya kukokotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji nilianza kwa kuipenda, na mimi si mtu wa kupenda programu ovyo. Unaandika miji miwili, inakuchorea upinde juu ya ramani na jibu linatoka papo hapo. Helsinki hadi Tokyo: kilomita kama 7,800, saa 9 na nusu. Nikaamini. Tiketi zetu hukatwa na ofisi, tena dakika za mwisho, kwa hiyo nikawaahidi wenyeji wetu kikao kwa kufuata hesabu hiyo.

Tulikaa angani karibu saa 13. Wenyeji wakakiahirisha kikao, kwa upole wa kutia aibu.

Ndege haikuchelewa. Shikeni hilo. Iliondoka kwa wakati, ikatua kwa wakati. Ila ule upinde mzuri unakatiza Urusi, na tangu Februari 2022 Urusi imeyafungia anga yake mashirika ya ndege ya Ulaya, baada ya Ulaya nayo kuzifungia ndege za Urusi. Sasa ndege hizo huzunguka, ama kusini kupitia Asia ya Kati na China, ama juu kabisa kwenye Ncha ya Kaskazini. Programu haina habari. Inachukua kilomita, inazigawa kwa mwendo wa wastani, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, basi. Hesabu ya darasa la sita, nami nimelipia toleo lisilo na matangazo!

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, na sababu nikawaeleza. Jibu: “Ndugu mteja, umbali wetu ni sahihi. Kuchelewa kwa ndege si jukumu letu.” Kuchelewa! Ni wapi nimesema ilichelewa? Nikaandika tena, nikatumiwa maneno yaleyale, mkato kwa mkato. Sijui kama upande wa pili kulikuwa na binadamu. Kama alikuwepo, hakusoma.

Haki yao niwape: umbali ni sahihi kweli. Anayetaka kilomita tu, au anayebishana na rafiki kati ya Sydney na Singapore ipi iko mbali zaidi na London, itamfaa sana. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota tatu.

Lakini hebu jaribu London na New York. Kwenda na kurudi inakupa muda uleule! Upepo wa juu huko huvuma kutoka magharibi, na anayerudi Ulaya husukumwa nao. Februari 2020 ndege ya abiria iliyobebwa na upepo wa dhoruba ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Sidai wabashiri dhoruba. Hata kuandika “kurudi ni haraka kidogo” kumewashinda. Basi, nyota mbili.

Anayepanga safari aangalie ratiba ya shirika lenyewe, saa ya kuondoka na ya kufika, apunguze tofauti ya majira kati ya miji hiyo akielekea mashariki, aiongeze akielekea magharibi. Ni usumbufu, ila ndio muda halisi.

Nimeifungua tena sasa hivi nikiandika haya. Helsinki–Tokyo, saa 9 na nusu. Nyota moja.