Logo ilikaa juu ya jina la bibi wa mwani, na wao wananiuliza nani anasoma majina

Jamani naomba niliseme hili maana nimekaa nalo rohoni kama wiki mbili tatu hivi. Kama unataka kulipia ile programu ya kuediti video inayotangazwa kila ukifungua simu, jina naliacha, subiri kwanza unisikilize.

Nilikuwa namalizia dokumentari fupi ya wanawake wanaolima mwani Paje, kule Unguja. Tumeingia nao baharini siku za bamvua maji yakitoka mbali, kamera imevishwa mfuko wa nailoni, miguu imechanika. Mwisho wa filamu kuna majina yanapanda, marefu kidogo kwa sababu kila mama aliyetusaidia yumo, halafu chini yake logo tatu za wafadhili. Logo tatu tu.

Sasa ile templeti ya hiyo programu, yaani muundo wake uliokwisha kuandaliwa wa majina ya kupanda, inapokea maandishi peke yake, picha haiingii. Ukilazimisha, logo inakuja kama leya ya juu, yaani tabaka la peke yake juu ya video, inasimama katikati ya skrini na majina yanapita chini yake. Basi nikaipa mwendo mwenyewe, nikaweka alama ya kuanzia chini na ya kumalizia juu, nikalinganisha kwa jicho. Wapi! Templeti inaanza taratibu, inakolea katikati, inapoa tena mwishoni na hakuna pa kuizima hiyo tabia, wakati logo yangu inakwenda mwendo mmoja, kwa hiyo zinaondoka pamoja halafu zinaachana halafu zinakuja kukutana huko juu zimepandana. Na ilipopandia logo ya kwanza ni juu ya jina la yule bibi aliyetufundisha kufunga mwani kwenye kamba, bibi ambaye sauti yake ndiyo inafungua filamu. Herufi tatu za mwanzo zinaonekana, zilizobaki zimefunikwa na boksi jeupe. Hilo boksi jeupe nakubali halikuwa kosa la programu, mfadhili alitutumia logo kama faili la picha la JPG kwa WhatsApp, na JPG haina uwazi nyuma yake. Omba faili la PNG lenye uwazi au la SVG, na waitume kama dokumenti sio kama picha, maana ikitumwa kama picha inabanwa na kingo zinachakaa.

Nikarenda, yaani nikaitoa video nzima, mara tano, kila mara naongeza kidogo napunguza kidogo, bado. Nikampigia wakala wao hapa Dar, yule yule aliyeniuzia leseni ya mwaka kwa maneno matamu. Nikamweleza vizuri tu, kaka, templeti yenu haipokei picha, logo inafunika jina la mtu. Akanyamaza kidogo, nasikia anatafuna, halafu akaniambia: "Dada, kwani nani anakaa kuangalia majina ya mwisho? Watu wanakuwa washasimama. Weka tu hivyo hivyo." Nikamwambia hilo jina ni la mtu mzima aliyeingia majini na sisi na magonjwa yake ya goti. Akasema atanitafuta. Hajanitafuta.

Usiku huo nilikasirika mpaka usingizi ukakata, nikaanza kutafuta njia. Na njia ipo, tena ya bure, ndicho kinachoniuma. Unaachana kabisa na templeti. Unafungua Inkscape, programu ya bure ya kuchora, unatengeneza picha moja ndefu, upana pikseli 1920, yangu urefu ilifika 5670, unapanga majina yote na logo zote humo humo kwenye karatasi moja. Zikishakuwa picha moja haziwezi kuachana tena, logo na jina vinapanda kama vimeshonwa. Unaitoa kama PNG, unaipeleka DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuediti video, ile ya bure inatosha. Ukiiingiza itajikunja ili ienee kwenye skrini, usiogope, nenda kwenye mipangilio uiambie isibadilishe ukubwa wa picha. Halafu unaipa mwendo kutoka chini kabisa mpaka itoke juu, mwendo mnyoofu usiokolea wala kupoa.

Na hapa kwenye kasi ndipo wengi tunaharibu. Picha yangu 5670, jumlisha skrini 1080, safari nzima ni pikseli 6750. Kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazopita kila sekunde, nikaipa sekunde 90, yaani fremu 2250, kila fremu inapanda pikseli 3 kamili. Mwanzo niliipa sekunde 80 ikawa inapanda pikseli tatu na kipande, herufi zikawa zinatetemeka, hasa mistari myembamba ya logo. Weka namba kamili, utaona zinavyotulia. Wakala wa programu ya kulipia hajui hili au hakutaka kuniambia, sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa niwe mkweli, kwa kukata vipande ile programu ni nyepesi, laptopu yangu ya zamani inaimudu, wakati Resolve inaifanya iungurume na kupata moto. Ukiwa na video za harusi zenye maandishi mafupi itakufaa, nilitaka hata kuwapa nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka "nani anakaa kuangalia" nyota zinashuka. Moja. Na hiyo moja sijui naitoa ya nini.

Maana tulienda kuionyesha pale pale kijijini, shuka jeupe ukutani, spika ya kuazima. Filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda, hakusimama mtu. Watoto waliokaa mbele kwenye mkeka wakaanza kuyasoma kwa sauti, jina moja moja, na kila likisomwa kuna mama anapigiwa vigelegele huko nyuma. Likafika la bibi. Hajui kusoma, mjukuu wake akasimama akalionyesha kwa kidole pale kwenye shuka mpaka likaishia juu, na bibi akamwambia amsomee tena, ikabidi turudishe nyuma.

Hela yangu ya leseni nimeiomba kwa maandishi mara mbili. Mpaka leo kimya.