StreetComplete kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Nimeitumia StreetComplete Mji Mkongwe na Ng'ambo, Zanzibar, kwenye simu ya Android ya kawaida. Ni programu ya bure: inakuuliza maswali mafupi kuhusu kitu kilicho mbele yako, na jibu linaingia kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayojengwa na watu wa kujitolea. Kuchora ramani si lazima ujue. Fungua akaunti ya OpenStreetMap, shusha data ya eneo ukiwa kwenye waifai, kisha tembea. Majibu yanakaa kwenye simu. Kwenye mipangilio chagua yapande kwa waifai tu, bando lisiliwe.

Maswali ya njia ni mepesi. Pevingi, lami au udongo, picha zipo, unagusa unaendelea.

Kasheshe iko kwenye saa. Duka la Darajani limeandika mlangoni "Saa 2 asubuhi – 12 jioni". Ukiingiza 02:00–12:00, ramani itasema duka linafunguliwa usiku wa manane na kufungwa adhuhuri. Sahihi ni 08:00–18:00. Ijumaa ipe mstari wake, maana wengi hufunga kwa ajili ya sala: 08:00–12:00, kisha 14:00–18:00, kwa mfano. Muulize mwenye duka, usikisie. Saa za Ramadhani usiziingize kabisa, zitabaki humo hadi baada ya Idi na hakuna atakayekumbuka kuzifuta.

Ghorofa nazo zina mtego. Sisi tukisema nyumba ya ghorofa mbili, ya chini hatuihesabu. Programu inaanzia chini, kwa hiyo nyumba hiyo jibu lake ni 3. Vyumba vilivyo ndani ya paa vina kisanduku chao. Havipo, weka 0.

Ukiingia Kiponda au Mkunazini, GPS inayumba. Kuta ndefu, anga inaonekana kama utepe, mawimbi ya setilaiti yanagonga mawe kabla ya kufika kwenye simu, na nukta yako inarukia kichochoro cha pili. Ndiyo maana programu hukuuliza kama kweli uko mahali hapo, na wewe umeegemea baraza ya nyumba yenyewe! Nukta usiiamini. Hesabu njia panda na linganisha umbo la jengo. Ukigusa jengo la jirani kwa bahati mbaya, kitufe cha kutengua kipo.

Kichochoro kisicho na kibao usikijibu kuwa hakina jina, wenyeji wanalo. Acha dokezo. Dokezo linasomwa na kila mtu, hivyo picha yake isiwe na sura za watu.

Kwa kuongeza maduka mapya naona Every Door, programu nyingine ya OpenStreetMap, ina kasi zaidi, na iko hata kwenye iPhone. Jengo ambalo halimo ramanini huchorwa kwenye kompyuta juu ya picha za angani zinazoruhusiwa, mfano za droni za Zanzibar Mapping Initiative, mradi ulioanza 2016. Kunakili kutoka Google Maps ni marufuku, hata jina moja la duka.