Viatu vya mtumba Sabasaba, Dodoma: vya ofisini chukua, vya harusini kagua soli

Kwa viatu vya kila siku, meza za mitumba za Soko la Sabasaba zinayashinda maduka mengi ya viatu vipya vya bei hiyohiyo. Kwa viatu vya sherehe, hapana.

Tofauti iko kwenye ngozi. Moka au simple ya ngozi halisi, hata kama imeshavaliwa, bado ina maisha marefu. Ile mpya ya ngozi bandia inang'aa wiki ya kwanza, kisha inapasuka pale vidole vinapokunjia, na kwa jua la hapa mguu unaloa jasho. Ila ngozi huachia upana, haiachii urefu. Muuzaji akisema "kitaachia tu" huku dole gumba limegusa mbele, rudisha. Inatakiwa ibaki nafasi ya kama sentimita 1. Nenda jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za siku, uvae vyote viwili na kusimama. Kikunje pia: kiatu kizuri kinakunjika penye mizizi ya vidole. Kinachokunjika katikati hakina mhimili, na wayo utauma mapema.

Sasa soli, ambayo ndiyo huwaliza wengi. Soli nyingi nyepesi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na hizo huoza zenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kabatini miaka kadhaa bila kuvaliwa. Kwa nje kinaonekana kipya kabisa. Ukumbini soli inapukutika kama keki. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli. Alama ikibaki, ikinata, au ikitoka unga, usinunue hata kwa bei ya bure, maana gundi ya fundi haina pa kushika. Soli ya mpira hurudi palepale.

Mchuchumio wa mtumba una tatizo jingine: soli ya ndani imeshachukua umbo la mguu wa mwenzio. Uweke mezani na usukume kisigino kwa kidole. Kikicheza, chuma cha ndani kimelegea au kimekatika. Hapa ndipo tunaposhauri kununua mpya, kisigino kinene, kimo kisichozidi sentimita 5. Ukipenda kirefu, tafuta chenye soli nene mbele: kisigino cha 7 chenye soli ya 2 mbele, mguu unainama kwa 5 tu. Mkanda wa kifundoni ni muhimu kuliko mapambo, kwa kuwa unazuia mguu kuteleza mbele na kubana vidole. Kisigino chembamba kiache kabisa kama send-off iko kwenye hema uwanjani; mchanga wa Dodoma unakimeza.

Vumbi nalo linaharibu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kupaka kiwi, la sivyo brashi inasugua mchanga kwenye ngozi.

Ukimpelekea fundi soli iliyoachia, akwangue gundi ya zamani yote, apake pande zote mbili, asubiri dakika 10 hivi ndipo agandishe. Akigandisha ikiwa mbichi, itaachia tena. Kushonea uzi kunasaidia soli nene. Soli nyembamba inatobolewa, na masika maji yanapita kwenye matundu ya sindano.