Spana ya toki ya shilingi 4,500: inafanya kazi, lakini soketi utajinunulia

Mimi hubeba viazi vya Molo kwa Probox hadi sokoni Nakuru. Mwezi wa nne nilipata pancha njiani, karibu na Njoro, na kijana aliyeniziba akamalizia kukaza nati kwa kupanda juu ya wili spana na kuirukia. "Mathe, hii haitoki ng'o!" Wiki iliyofuata nikijaribu kuifungua nati, stadi (ile bolti inayoshika nati ya gurudumu) ilikatika.

Mwanangu wa kidato cha tatu alinipigia hesabu nyuma ya risiti. Kijana yule ni kama kilo 80, yaani niutoni 785. Alisimama sentimita 30 kutoka kwenye nati, spana ikiwa imelala. Zidisha: niutoni mita 235, ndiyo toki, yaani nguvu ya kuzungusha nati, na hapo kuruka hakujahesabiwa. Nati za Probox zinataka 103 tu. Uzito haukuwa na shida. Ilikuwa uzito pamoja na ule urefu. Mtu yuleyule angesimama sentimita 13 kutoka kwenye nati, angekaribia kipimo.

Basi nikaenda mjini Nakuru nikanunua hii spana ya toki, inayokuambia nati ikifika kipimo. Unazungusha kishikio hadi 103, unavuta taratibu, na ikifika inalia "ka!" mkononi. Hapo unaacha, ukiendelea kuvuta, inaendelea kukaza. Mkono wangu hushika kama sentimita 40 kutoka kwenye nati, kwa hiyo navuta nguvu ya kilo 26 hivi, sawa na mtungi wa maji wa lita 20 ukiwa na wa lita 5 juu yake. Mimi si mtu wa misuli na naweza. Ila vuta ukiwa umesimama vizuri, mkono ukiwa pembe mraba na spana. Ukivuta kwa kuielekeza kwenye nati unachoka bure, nati haisongi.

Lawama zangu: namba zimechorwa hafifu, jioni sizioni bila tochi ya simu. Stejini, na kelele za makanga, ule mlio husikii, lazima uuhisi. Na haikuja na soketi ya milimita 21, kile kichwa kinachoingia kwenye nati, nikaongeza shilingi 350. Kwa bei hiyo!

Usiitumie kufungulia nati zilizokwama, wili spana ipo. Ukimaliza irudishe kipimo cha chini kabisa ili springi ipumzike. Hilo dukani hakuna aliyeniambia, nililisoma kwenye karatasi iliyokuwa imekunjwa chini ya boksi.