Monita ya kompyuta kwa PS na Xbox: ipi uchukue Kariakoo, ipi uiache dukani

Kabla hujauliza inchi wala bei, igeuze monita uitazame mgongoni. PS4, PS5, Xbox za sasa na Switch iliyokaa kwenye doki zote hutoa picha kwa HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja. Monita isiyo na tundu hilo itakudai vikorokoro, na vikorokoro hula hela na kuleta matatizo yake. Ndiyo maana tumepanga kwa tundu kwanza, ukubwa baadaye.

1. Ya ofisini iliyotumika, inchi 22 hadi 24, 1080p (nukta 1920 kwa 1080), yenye HDMI

Kwa mwenye PS4, PS3 au Switch, usihangaike na nyingine. Hula umeme kidogo, na picha yake haichelewi kama ya TV ambayo haijawekwa kwenye hali ya gemu. Tafuta Dell P2419H, Dell P2217H au HP E232. Soma namba herufi kwa herufi: P2217 isiyo na H mwishoni ni 1680 kwa 1050, si 1080p. P2214H nayo inafanana nazo kwa sura, ila ina DVI, DisplayPort na VGA tu, yaani matundu mengine ya picha, HDMI haina.

Hapo ndipo utaambiwa, "Chukua tu bosi, waya wa DisplayPort upo." Waya huo wa kawaida hupeleka picha upande mmoja: kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI. Ukiugeuza, PS ikawa upande wa HDMI, kioo kitabaki cheusi hata ukeshe. Kinachofaa ni konveta yenye chipu ndani, iliyoandikwa wazi kuwa HDMI ndiyo inayoingia na DisplayPort ndiyo inayotoka.

Kasoro ya monita hizi ni sauti, maana hazina spika. Njia rahisi ni hedifoni ya waya kwenye padi ya PS4. Ukitaka sabufa, usitegemee Bluetooth. PS4 haiungi spika za kawaida kwa njia hiyo. Nunua kiboksi cha kutenganisha sauti ya HDMI, kikae kati ya PS na monita, kisha vuta waya kutoka tundu lake la hedifoni hadi matundu mekundu na meupe ya sabufa. Kikikaa kimya, ingia "Sound and Screen", halafu "Audio Output Settings", uweke "Linear PCM". Viboksi vingi vya bei ndogo havielewi Dolby, mfumo mwingine wa sauti.

2. Ya gemu, inchi 24, 1080p, Hz 120 au zaidi

Hii ni ya PS5 na Xbox Series S. Hz ni mara ambazo picha hubadilishwa kwa sekunde moja. Mwenye PS4 asiilipie, kwa sababu mashine yake haivuki Hz 60. Mtego wake ni kwamba Hz 144 au 165 zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za DisplayPort, na HDMI ya monita hiyohiyo huenda ikaishia chini ya hapo. Uliza HDMI yake inafika ngapi, HDMI 2.0 inatosha kwa 1080p na Hz 120. Stika ya FreeSync, yaani kioo kinachofuata mwendo wa picha za mashine, itamfaa mwenye Xbox. PS5 haitumii FreeSync, mfumo wake wa kazi hiyohiyo unaitwa VRR na unataka HDMI 2.1.

3. Inchi 27, 1440p (nukta 2560 kwa 1440)

Nzuri kwa PS5, iliyoanza kukubali 1440p kwa sasisho la Septemba 2022, na kwa Xbox Series. Kwa PS4 ni hasara: picha ya 1080p inavutwa mara moja na theluthi, maandishi yanapoteza ukali.

4. Yenye DVI bila HDMI

Waya wa HDMI kwenda DVI ni rahisi na picha haipungui ubora, ila sauti usiitarajie. Baadhi ya monita za zamani pia hazina HDCP, kinga ya kuzuia kunakili picha. Kwenye PS4 unaweza kuizima katika "System". Kwenye PS3 huwezi, na giza ndilo utakaloliona.

5. Ya VGA tu

Ichukue ukipewa bure. Inahitaji konveta yenye chipu, na konveta isipopata umeme wa USB picha huwakawaka. Zile za mraba za inchi 17 na 19 huvuta picha kwenda juu, wachezaji wote wanakuwa warefu kama milingoti. Jumlisha konveta, waya wa sauti na nauli ya kurudi kubadilisha, halafu linganisha na namba moja.

Dukani

Nenda na PS yako na waya wako wa HDMI. Iache iwake dakika ishirini, kwa sababu kuna monita zinazoanza kucheza taa zikishapata joto. Fungua picha nyeupe tupu utafute vidoa, kisha nyeusi tupu uone kama mwanga unavuja pembeni. Tikisa plagi ya HDMI kidogo. Picha ikikatika, tundu limelegea. Jaribu vitufe vyote vya menyu. Kama inatumia adapta ya nje, soma volti zilizoandikwa mgongoni mwa monita na za adapta, zilingane. Adapta za kuokoteza ndizo huunguza.

Nyumbani

Nyeusi ikionekana kama kijivu, au sehemu za giza zikijifuta kabisa, badili "RGB Range" ya PS kati ya "Full" na "Limited" mpaka itulie. Monita na PS zote zipite kwenye TV guard. Umeme unaporudi kwa kishindo hauchagui. Na ukihamisha PS4 kutoka kwenye TV, ikawaka taa bila picha, usikimbilie kwa fundi. Izime kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwashia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha padi kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, chagua "Change Resolution".