Miezi minane na MinION hapa Pemba

Kifaa chenyewe hakifiki gramu 100. Ukikishika kiganjani ni kama kibweta cha miwani, na kazi yake ni kusoma DNA ya vimelea, herufi baada ya herufi, kwa umeme kinaoupata kwenye kompyuta ya mkononi. Kinaitwa MinION, kinatengenezwa na Oxford Nanopore ya Uingereza. Mwaka 2015, wakati wa Ebola, wataalamu walikibeba hadi Guinea ndani ya mizigo ya kawaida ya ndege. Mimi ni fundi wa maabara hapa Pemba, nimekitumia miezi minane, na wenzangu wa Unguja na bara wananiuliza kama kinafaa kununuliwa. Kinafaa. Ila kwanza niseme habari ya barafu.

Ndani yake huingizwa kadi ya plastiki, na kadi hiyo ndiyo roho ya kazi. Ina utando wenye vitundu vya protini vidogo mno, hata darubini zetu hazivioni. Uzi wa DNA ukipenya kwenye kitundu, mkondo wa umeme hutikisika kufuatana na herufi zinazopita, na programu hugeuza mtikisiko huo kuwa A, C, G na T. Kitundu kimoja hupitisha karibu herufi 400 kwa sekunde. Kimelea cha kipindupindu kina herufi kama milioni 4, na hapo vitundu mamia vinafanya kazi kwa pamoja.

Sasa, kadi hizi lazima zikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Za kwanza kuletewa sisi zilifika Unguja Ijumaa, zikakwama kwa wakala wa mizigo mpaka Jumatatu kwa sababu ya muhuri mmoja, wala hakuna aliyefungua boksi kutazama. Zilipopanda boti kuja bandari ya Mkoani, barafu ilikuwa maji matupu. Tulipozipima, moja ilikuwa na vitundu hai 312, na mtengenezaji anaahidi visipungue 800. Nililia, sioni haya kusema. Kadi moja ni mamia ya dola. Siku hizi mtu wetu anaipokea bandarini na kasha la chanjo mkononi, barafu ya akiba ndani.

Nitawaambia kwa nini nashikilia kazi hii. Mama yangu akiuza sharubati ya ukwaju pale Chake Chake. Nilipokuwa darasa la tano, kipindupindu kikaingia mtaani, na wagonjwa watatu wa mwanzo walikuwa wamekunywa kwake. Wakaja watu wa afya, wakaimwaga ndoo yake barabarani, watu wamejaa wanatazama. Hakuna aliyechukua hata kijiko kwenda kupima. Baadaye waliugua watu wa vijiji ambavyo mama hakuwahi kuvikanyaga, lakini lawama ilikuwa imeshamganda. Hakuuza tena. Aliishi kwa kusuka ukili mpaka alipofariki.

Hata wangepima, kuotesha peke yake kusingemsaidia sana. Kinyesi cha mgonjwa ukikiotesha kwenye sahani ya TCBS, chakula cha kuoteshea kimelea cha kipindupindu, unaona vidoa vya manjano. Ukivichanganya na tone la dawa ya kupimia vikagandana, unajua ni O1, kundi mojawapo la vimelea vya kipindupindu, kisha unatafuta kama ni tawi la Ogawa au la Inaba. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naishia hapo. Ni sawa na kumwambia polisi kwamba mwizi alivaa kanzu, siku ya Ijumaa. Ukisoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya kimelea, ndipo unaweza kusema kimelea cha mgonjwa huyu na cha kisima kile ni ndugu wa karibu, au hawajuani.

Kosa lile halikutokea kwetu tu. Ujerumani mwaka 2011 bakteria wa E. coli aina ya O104:H4 waliua watu zaidi ya 50. Lawama ikaangukia matango ya Hispania, wakulima wakayatupa kwa matani. Vimelea vya kwenye matango vilipopambanuliwa, havikuwa vile vinavyoua. Uchunguzi ukaja kuishia kwenye uwatu uliooteshwa na kuliwa mbichi, mbegu zake zimetoka Misri. Uwatu huuhuu tunaowapikia wazazi waliojifungua. Kila nikiisoma habari hiyo naiona ndoo ya mama.

Kwenye matumizi, mkono ndio unaoamua. Kutia sampuli kwenye kadi ni mikrolita 75, tone kwa tone, na kila tone ulisubiri linyonywe ndipo utie jingine. Kabla ya hapo unavuta kidogo kwa pipeti kuondoa hewa mlangoni. Kiputo kimoja kikipita juu ya utando, vitundu vinakufa na havirudi. Mimi huwa nazima feni na nawaomba wenzangu wasinisemeshe.

Kasoro za kifaa ni hizi: herufi moja ikijirudia mara nyingi mfululizo, kinapoteza hesabu, ingawa kadi za toleo la 10 zimekuwa bora zaidi. Kwa hiyo hatuamui lolote kwa kusoma mara moja. Tunasoma kila sehemu ya DNA mara hamsini au zaidi. Tena kompyuta ya kawaida ya ofisini haitoshi. Yetu ilihangaika siku mbili kugeuza data ya usiku mmoja, na umeme ukikatika ndiyo basi, nunueni betri ya akiba kabla ya kadi. Gharama inapungua ukizitia sampuli nyingi kwenye kadi moja, kila moja na alama yake, na kadi inaoshwa ikatumika tena.

Mwezi wa sita walilazwa watu wawili waliokula harusi moja, na vinyesi vya wote wawili vilitoa salmonela, bakteria wa kuharisha. Mtaa mzima ulishasema ni pilau. Tukavisoma vimelea vyao, tukalinganisha zile jeni saba zinazotumika kupambanua aina: nne kati ya saba zilitofautiana. Havikuwa ndugu wa karibu, wala hapakuwa na ushahidi kwamba vilitoka chungu kimoja. Mashine haikutuambia kila mmoja alikipata wapi chake, hiyo ilibaki kazi ya bwana afya kupita majumbani na kuuliza watu walikula nini. Lakini nilimpigia simu jioni ileile, nikamwomba aanze kwa mpishi, amwambie kwa mdomo wake, na majirani wasikie.

Alikwenda. Wiki iliyofuata yule bibi alipika maulidi, na mimi nilikula sahani mbili.