Uzoefu wangu wa kubadilishiwa vali ya moyo kwa njia ya katheta

Vali yangu ya aota, yaani mlango wa mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilikuwa imekakamaa kwa kalsiamu hata kupanda ngazi kukawa kunanikata pumzi. Kwa kuwa umri umesonga, figo ni dhaifu na kifua kilikwisha kupasuliwa miaka ya nyuma, madaktari waliona kwamba kukifungua tena na kuusimamisha moyo kungekuwa hatari mno. Wakanishauri njia ya katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa kupeleka vali mpya hadi moyoni, njia ambayo daktari Alain Cribier aliitumia kwa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Kilichonishawishi ni utafiti wa PARTNER wa mwaka 2010: kati ya wagonjwa wasioweza kupasuliwa, takriban asilimia 31 ya waliowekewa vali hiyo walifariki ndani ya mwaka mmoja, ilhali kwa waliopewa matibabu ya kawaida ilikuwa takriban asilimia 51.

Nilichokithamini zaidi ni uchunguzi wa awali. Kwa kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, walipima tundu la vali na upana wa mishipa kuanzia kinenani, kwa sababu vali ikiwa ndogo damu huvuja pembeni yake, na ikiwa kubwa kupita kiasi inaweza kupasua mzizi wa aota. Rangi inayodungwa mshipani kwa ajili ya picha hizo huzielemea figo, nao walilizingatia hilo bila mimi kuwakumbusha.

Siku yenyewe nilipigwa ganzi kinenani na kupewa dawa ya kunituliza, hivyo sauti zao nilizisikia. Walipouendesha moyo mbio kwa makusudi, ili damu isiisukume vali wakati puto la kuikunjua linatanuliwa, nilihisi kizunguzungu kikali, kisha kikapita. Vali mpya, iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, iliibana ile ya zamani ukutani, haiondolewi.

Lalamiko langu ni moja, nalo ni zito. Hatari ya kiharusi na ya kutokwa na damu nilielezwa kwa kina, lakini uwezekano wa njia za umeme wa moyo kubanwa na vali ulitajwa juujuu tu, nami nikaishia kuwekewa betri ya moyo, kifaa kinachouchochea moyo udunde. Mgonjwa ana haki ya kulijua jambo hilo kabla ya kutia saini.

Hata hivyo, kwa mwenye hali kama yangu naipendekeza huduma hii kwa moyo wote. Sasa napanda ngazi bila kusimama njiani, natumia aspirini kama nilivyoandikiwa, na kabla ya kung'olewa jino humweleza daktari wa meno kwamba nina vali ya bandia, ili anipe antibiotiki ya kuikinga na maambukizi.